Mwaka Kamau Alipokuwa Nje Akiwa Ndani

Siku chache baada ya kumzika Wakili Mutiso, mkewe alinipigia simu nifike Muthangari nimsaidie kuamua nani apewe vitabu vya sheria na nani apewe tai. Nilimkuta kwenye meza ya kulia chakula, tai zimetandazwa mbele yake kama bidhaa za mchuuzi. "Nyambura, kaa pale pako," akasema, nami nikaenda moja kwa moja upande wa dirisha, ambako mwaka wa korona ndiko netiweki ilikopatikana. Siku hiyo hatukugawa hata tai moja. Tulianza kucheka kabla chai haijamiminwa, na majirani walioingia na nyuso za matanga wakasimama mlangoni, hawajui kama wamekosea nyumba. Kilichotuchekesha ni mwaka wa korona, na hasa kesi ya Kamau. Vijana ninaowafunza kazi siku hizi hudhani mwaka ule mahakama zililala tu. Hazikulala. Ziliweweseka.

Habari za nilikozaliwa na shule nilizosoma nitaziruka, kwa sababu zinafanana na za kila mtu. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimekaa miaka mingi kwenye madawati ya mapokezi ya ofisi za mawakili, nikisoma sheria jioni, na korona ilipoingia nilikuwa mwanagenzi wa uwakili nikiwa na umri ambao wenzangu darasani waliniita auntie. Bosi wangu, Wakili Mutiso, alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, Mkamba mrefu mwenye sauti ya mhubiri, na ofisi yake ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa na siku zake za kufanya kazi. Mahakama zilipotangaza kwamba kesi nyingi zingesimama na nyingine zisikilizwe kwa video, tulibeba mafaili yote tukayapeleka nyumbani kwake Muthangari. Nilidhani ningekuwa naenda asubuhi na kurudi jioni. Mkewe, Mama Mueni, muuguzi mstaafu, alinisimamisha getini akiwa amevaa glavu za kufulia. "Chagua," akaniambia. "Uingie ukae, ama urudi mjini na usikanyage hapa mpaka iishe. Sitaki mtu wa kuniletea korona kila siku kama gazeti." Nikaingia. Nikapewa chumba cha binti yao Mueni, aliyekuwa ng'ambo, na kwa karibu mwaka mzima nililala chini ya picha yake ya kipaimara.

Nyumba ile iliendeshwa kama wodi. Kila kilichoingia kilipuliziwa dawa: unga, sukuma wiki, viatu vya Wakili, na mafaili. Ndiyo, mafaili. Siku ya kwanza Mama Mueni aliyapulizia yote mpaka wino ukaanza kutembea, kisha akayaanika kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, kila moja na kibanio chake. Mzee wa nyumba jirani, aliyekuwa amefungiwa kwake bila cha kufanya, akaleta kiti karibu na ukuta. Kesho yake, wakati wa chai, tulimsikia akimsimulia mkewe kwa sauti kubwa mashtaka ya shambulio la mwili kule Dagoretti, bila kuacha hata jina la mlalamishi. Wakili Mutiso akakurupuka na kikombe mkononi. "Mama Mueni, hizo ni siri za wateja!" Mama Mueni akamjibu kutoka jikoni, "Siri zilizokauka ni bora kuliko siri zenye virusi." Siku hiyo tulikula muthokoi wa Kikamba, na mimi niliyezoea githeri, ambayo mahindi yake hupikwa na maganda, nikatoa maoni kidogo kuhusu mahindi yaliyokobolewa. Mzee aliniangalia kama shahidi aliyebadilisha ushahidi wake kizimbani.

Mara ya kwanza tuliposikiliza kesi kwa video, Wakili alioga, akanyoa ndevu, akavaa suti, joho na kola nyeupe, akapiga viatu rangi. Nikamwambia viatu havitaonekana. "Binti," akasema, "mahakama iko hapa." Hakimu alipotokea kwenye kompyuta, Wakili akasimama wima na kuinama kwa heshima, kama alivyofanya maisha yake yote. Akaanza kuzungumza. Alizungumza vizuri sana, mkono mmoja mgongoni, mpaka hakimu akamkatiza. "Wakili, samahani. Unaweza kuketi? Mahakama inaona tumbo lako peke yake." Wakili akasema kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuihutubia mahakama akiwa ameketi. Hakimu akamwambia basi asogee nyuma. Akasogea nyuma mpaka akawa jikoni, na hoja zake za mwisho alizitoa huku Mama Mueni akipita mbele yake na sufuria ya viazi.

Katika mafaili yale, lililomnyima mzee usingizi ni la Peter Kamau. Kamau alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja Lavington. Mashine ya kukata nyasi ilipotea, naye akashtakiwa kwa kumwibia mwajiri wake. Hakuwa na mtu wa kumdhamini, kwa hivyo akawekwa rumande. Kesi yake ilikuwa imebakiza siku chache tu isikilizwe, mashahidi wameitwa, Wakili ameandaa maswali yake, ndipo korti zikafungwa. Ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Baada ya hapo hata neno kuahirishwa likaisha, tukawa tunaambiwa, "Mtajulishwa." Mafaili mapya ya waliokamatwa usiku kwa kuvunja kafyu yalikuwa yakiingia kila siku na kukaa juu ya ya zamani, na Kamau akazidi kushuka chini ya rundo. Jamaa zake hawakuruhusiwa tena kumwona. Alikuwa akitupigia simu ya gereza mara mojamoja, sauti yake ya upole, akiuliza swali lilelile: "Wakili, itaitwa lini?"

Kisha kukawa na wiki kadhaa ambazo hakupiga. Tukadhani simu ya gereza imeharibika. Asubuhi moja tukasikia kelele getini, na mlinzi akaja mlangoni ameshika kofia. "Mzee, kuna mama hapa anasema bwana yake ako kwa hii nyumba."

Alikuwa Wambui, mke wa Kamau, aliyetembea kutoka Kawangware na barakoa imeshuka kidevuni kwa hasira. Nilikuwa nimemwona kortini zamani, mwanamke mpole wa kitambaa cha kichwa. Upole ulikuwa umekwisha. "Mtoeni!" akapaza sauti. "Nimeenda korti, nimeambiwa kwa dirisha Peter Kamau aliachiliwa kitambo. Ameachiliwa na hajafika nyumbani! Kawangware si ng'ambo. Kwa hivyo ako kwa mwanamke, na ni nyinyi mnajua ni nani."

Mama Mueni akatoka na chupa yake ya dawa. "Wanawake wa nyumba hii ni mimi na huyu," akasema akinionyesha kwa kidole. "Chagua ni nani kati yetu."

Wambui akatutazama, akatazama nywele zangu ambazo hazikuwa zimeona msusi tangu kafyu ianze, na nadhani akaona kwamba hata kwa mumewe hilo haliwezekani. Akakaa kwenye ngazi za baraza akaanza kulia. Mama Mueni akamletea chai, akaiweka mbali kidogo, akarudi nyuma hatua kadhaa ili Wambui aifuate. Tukiwa hapo, simu ya Wakili ikalia, naye, kwa kuwa hakusikia vizuri, aliiwasha sauti ya juu kama kawaida yake.

"Wakili, ni mimi Kamau. Nilikuwa nauliza kama kesi itaitwa lini."

"Kamau," akasema Wakili polepole, "uko wapi?"

"Wapi tena, Wakili? Si niko ndani."

Wambui akaruka. "Ndani ya nyumba ya nani?"

Ilichukua muda kumwelewesha, na muda mrefu zaidi sisi wenyewe kuelewa. Kumbe ili kupunguza msongamano magerezani, korti ilikuwa ikiwaita kwa video mahabusu waliokaa sana bila kesi zao kusikilizwa, na wengi ikiwaachilia wajidhamini kwa ahadi yao wenyewe tu. Siku jina la Peter Kamau lilipoitwa, Kamau wetu hakuwa mbele ya ile skrini. Alikuwa amekohoa mara moja tu asubuhi hiyo, sababu ya pilipili kwenye maharagwe, wakamkimbiza karantini. Lakini mle rumande mlikuwa na Peter Kamau mwingine. Huyo alisikia jina lake, akasema yupo, akaambiwa nenda nyumbani, akaenda. Wote wamevaa barakoa, picha inakatikakatika, nani angejua?

Wakili akapiga simu masjala ya korti. Nilikuwa nimekaa karibu nikisikia. "Huyo aliachiliwa, Wakili." "Yuko ndani." "Hawezi kuwa ndani, aliachiliwa." "Nimeongea naye sasa hivi." "Basi mwambie kesi yake iko sawa, ahudhurie tarehe yake bila kukosa." Akapiga gerezani. Huko walikuwa wameambiwa na korti kwamba Peter Kamau wa mashine ya nyasi ametoka, kwa hivyo aliyebaki ni Peter Kamau wa kafyu, aliyekamatwa akiuza mayai ya kuchemsha barabarani baada ya saa za kutembea. "Na huyo wa mayai kesi yake ni lini?" akauliza Wakili. "Bado hatujajulishwa," wakasema. Mzee akaweka simu chini, akaniambia kwamba katika maisha yake amewahi kuwa na mteja aliye ndani na kupigania awe nje, lakini hajawahi kuwa na mteja aliye nje na kupigania atambuliwe kwamba yuko ndani.

Tarehe ikafika. Mvua ilinyesha Muthangari yote na netiweki ikawa ya kuokoteza. Jina likaitwa, na bila shaka Kamau hakutokea, kwani kwa korti yeye alikuwa nje, na gereza halikuambiwa limlete mbele ya skrini. Hakimu, mama mmoja mkali aliyekuwa akiendesha korti kutoka chumba fulani chenye pazia za maua, akauliza mshtakiwa yuko wapi. Wakili Mutiso akaruka juu, nikamvuta joho akakaa. "Mheshimiwa, mteja wangu yuko nda—" Picha ikaganda. Ikarudi. "Yuko nda—" Ikaganda tena.

"Amekwenda Ndakaini?" akauliza hakimu. "Na Nairobi imefungwa? Wakili, mteja wako amekosa kufika mbele ya korti, na pia amevunja amri ya kutotoka jijini. Natoa hati ya kukamatwa kwake." Tulipopata netiweki tena, alikuwa kwenye kesi nyingine.

Nilicheka. Nakiri nilicheka mpaka nikaweka kichwa mezani. Wakili hakucheka. Alivua kola yake, akaiweka kando ya sahani. "Unajua maana yake, binti?" akaniuliza. "Mtu akitoroka dhamana, hakuna hakimu atakayemwamini tena. Sasa Kamau ametoroka. Ametoroka akiwa amefungiwa." Polisi wawili kweli walikwenda Lavington kumtafuta kwa mwajiri wake wa zamani, kisha Kawangware, wakamuuliza Wambui mumewe amejificha wapi. Akawaambia amejificha rumande. Wakamwonya asicheze na serikali. Usiku ule mezani Mama Mueni alimwekea mzee nyama ya ziada, naye akaisukumia upande wangu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Aliyetuokoa ni Wambui, na alifanya hivyo kwa wivu. Ingawa tulimweleza kila kitu, ingawa alisikia sauti ya mumewe mwenyewe, kuna sehemu ya moyo wake ambayo haikuridhika. Simu inaweza kupigwa kutoka popote, alituambia baadaye. Kwa hivyo dada mmoja wa kanisa lake alipomwambia kwamba amesikia Peter Kamau aliyetoka rumande anafanya kazi kwenye duka kubwa kule Karen, akimimina sabuni ya kunawa mikono mlangoni, Wambui alivaa viatu vya raba akaenda kumfumania. Akakuta foleni ya wenye magari makubwa wakinyoosha viganja, na mbele yao kijana mwembamba mwenye jagi.

"Wewe ndiye Peter Kamau?"

"Ndio mimi, mathe. Nyosha mkono."

"Wa rumande?"

Kijana akaangusha jagi. Wambui alisema alifurahi kidogo kwa kuwa huyu hakuwa mumewe, kisha akakasirika kwa kuwa huyu hakuwa mumewe. Akamshika kola, akamleta Muthangari, na njia nzima hakumwachilia. Walipoingia getini, Mama Mueni alisahau kuwapulizia dawa.

Kamau wa pili alikaa ukingoni mwa kiti cha baraza akimtazama Wakili kama mtu anayetazama mlango wa seli. "Mzee, mimi sikudanganya mtu," akasema. "Niliskia jina yangu. Walisema, Peter Kamau. Ningesemaje? Niseme si mimi? Kila siku naomba Mungu jina yangu iitwe, sasa imeitwa nikatae?"

"Hukusikia wakisema mashine ya kukata nyasi?"

"Hiyo video ilikuwa inakatakata, mzee. Mi niliskia 'kukata' nikajua ni ile kesi ya kukata kafyu."

Wakili akamwambia ukweli: kwamba akirudi mbele ya hakimu anaweza kurudishwa ndani, na kwamba hakuna mtu hapa anayeweza kumlazimisha. Kijana akauliza huyo mwingine amekaa ndani muda gani kwa sababu yake. Wambui akageukia bustani. Kijana akasugua viganja vyake, vilivyokuwa vimechanika kwa sabuni. "Haya," akasema. "Lakini wewe ndiye utaniongelea. Na mnipe kitu nikule kwanza, nisiende huko kama sijakula." Mama Mueni akampakulia muthokoi mara mbili, akala bila kutoa maoni yoyote, na mzee akampenda kuanzia hapo.

Siku ya kikao tuliomba gereza limlete Kamau wetu mbele ya skrini yao, na Kamau wa pili tukamketisha kwenye meza yetu, kati yangu na Wakili, amevaa tai mojawapo ya mzee. Hakimu akaita jina. Wakaitikia wote wawili, mmoja kutoka gerezani na mmoja kutoka Muthangari, kwa sauti moja kama watoto wa shule. "Vueni barakoa," akasema hakimu. Wakavua. Wakili akaeleza kila kitu, taratibu, bila kupamba neno, kuanzia pilipili kwenye maharagwe mpaka sabuni ya Karen. Alipomaliza, skrini ilikuwa imeganda. Hakimu hakutikisika, mdomo wazi kidogo. "Netiweki tena," Wakili akaninong'oneza kwa uchungu. Nikainuka kwenda kusogeza kile kidude cha intaneti dirishani.

"Wakili, siko kwenye netiweki mbaya," akasema hakimu. "Nafikiri."

Akamgeukia kiongozi wa mashtaka, akamuuliza kama ana pingamizi. "Sina pingamizi, Mheshimiwa," akajibu yule bwana, "ila nimechanganyikiwa." Hati ya kukamatwa ikafutwa. Kamau wetu akaachiliwa kwa ahadi yake mwenyewe, siku hiyohiyo. Wa mayai akaonywa, shtaka lake likaondolewa, na hakimu akamwambia kwamba jina lake likiitwa tena mahali popote duniani aulize kwanza ni Kamau gani. Alipotoka kwenye skrini, tulisikia kabla sauti haijakatika akicheka peke yake, cheko la mtu aliyekuwa amelizuia kwa muda mrefu.

Kamau alifika Muthangari siku iliyofuata na mkewe, kuja kushukuru. Alikuwa amekonda, na alikuwa na tabia mpya ya kusimama kila mtu akiingia chumbani. Wambui alimkalia karibu sana, na kila baada ya muda alimgusa mkono wa shati, kana kwamba anahakikisha kitambaa kina mtu ndani.

Ningependa kusema kesi iliisha hapo, lakini hiyo ilikuwa dhamana tu. Kesi yenyewe ilirudi kwenye rundo. Barakoa zikavuliwa, kafyu ikaondolewa, mimi nikaapishwa kuwa wakili, na Kamau akawa bado anakwenda kortini kuambiwa arudi siku nyingine. Mara shahidi amehamia mbali, mara afisa wa polisi amepewa uhamisho, mara hakimu yuko kwenye mafunzo. Hatimaye, kwenye jengo la korti mjini, chumba kimejaa watu wanaosubiri majina yao, kiongozi wa mashtaka akasimama akasema mlalamishi hapatikani tena na anaiondoa kesi. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Nikamkumbatia Wambui. Wakili Mutiso akaanza kukusanya vitu vyake. Kamau alibaki kizimbani.

"Imeisha, Kamau," nikamwambia. "Uko huru. Shuka."

"Na mimi naongea lini?"

"Kuhusu nini?"

"Kama niliiba." Alisema polepole, bila lawama. "Hakuna mtu ameniuliza. Hata nyinyi hamkuniuliza."

Karani alikuwa tayari anaita kesi nyingine. Nilimtazama Wakili, nikidhani atamweleza sheria, kwamba kesi ikiondolewa hakuna utetezi, kwamba hahitaji kusema lolote. Nilikuwa nimeandaa maneno hayohayo mimi mwenyewe. Badala yake mzee alimshika Kamau mkono, wakatoka hadi kwenye benchi la korido, naye akaketi pale na joho lake, akakaza kola. "Peter Kamau," akasema kwa ile sauti yake ya mhubiri, watu wakageuka, "unashtakiwa kwa wizi wa mashine ya kukata nyasi. Unasemaje?"

Kamau akasimama mbele yake, akavua kofia. Akaanza tangu asubuhi ya siku ile, jinsi nyasi zilivyokuwa na umande, jinsi mashine ilivyokataa kuwaka, alivyoirudisha stoo na kufunga kufuli, na mengine yote ambayo alikuwa ameyapanga kichwani kwa miaka hiyo yote. Wakili Mutiso, ambaye sikuwahi kumwona akisikiliza sentensi mbili za mtu bila kukatiza, alimsikiliza mpaka mwisho. Katikati ya maelezo askari wa korti akaja kutufukuza, kwamba tunaziba njia. "Subiri kidogo, afande," mzee akamwambia bila kugeuka. "Kesi inaendelea." Na yule askari, sijui ni joho aliloliona au ni uso wa Kamau, akaweka mikono nyuma, akasimama pembeni, akasikiliza.